Waraka wa Kutanguliana Mtandaoni

Napenda kuutangazia umma wa Lushoto na vitongoji vyake kwamba tatizo la mtandao katika Kituo cha Uratibu wa Miche ya Milimani limekwisha kabisa. Limekwisha kwa mafanikio makubwa, kiasi kwamba hadi ninapoandika taarifa hii hakuna mtumishi hata mmoja anayetumia mtandao, na kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Naitwa Edward. Mimi ni Afisa Utawala Mwandamizi wa kituo hicho na Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Mtandao. Naandika kwa sababu mjini kuna maneno. Sokoni wanasema tumefungwa. Stendi wanasema Mkuu wetu wa Kituo, Bwana Darweshi, ameonekana Mgwashi amevaa suti na ameshika jembe. Hilo la suti na jembe ni kweli, ila lina maelezo yake, na maelezo ndiyo kazi yangu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa kituo chetu kilipokea laptopu sita na ruta moja, kile kiboksi cheusi chenye antena tatu kinachorusha mtandao hewani bila waya. Tukakipigilia ukutani koridoni, juu ya kalenda. Kwa siku tisa mtandao ulifanya kazi bila kikao chochote, jambo ambalo lilianza kunitia wasiwasi.

Siku ya kumi Mkuu alitoka ofisini kwake kwenda kuchukua chai. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, baridi yetu haijampokea mpaka leo, huvaa sweta mbili na chai hunywa akiwa ameikumbatia. Akampita Lulu, afisa wetu wa tehama, mwenye miaka ishirini na sita na ajira ya mkataba. Lulu alikuwa mtandaoni. Mkuu alikuwa ametoka kuiacha laptopu yake mezani ikizungusha kile kiduara cha kusubiri. Alisimama pale na kikombe chake. Baadaye alinieleza kwamba alijisikia kama mzazi aliyepitwa mlangoni na mtoto ambaye hakumwamkia.

Mchana huohuo nikaitwa kuandika Waraka Namba Saba, unaojulikana kama Waraka wa Kutanguliana. Ulisema kwamba hakuna kifaa cha mdogo kitakachoingia mtandaoni kabla ya kifaa cha mkubwa wake, na kwamba liwepo daftari la kuonyesha nani anamfuata nani. Hapo tukakwama kidogo. Ukitumia vyeo, kituo kina watumishi sita, na watano kati yao ni waandamizi. Ndipo nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kifungu cha nne: mkubwa ni yule anayeamkiwa. Anayepewa shikamoo ataunganishwa kwanza, na anayeitoa atasubiri. Hili ni jambo ambalo kila mtu wa milima hii analijua tangu hajaota meno, halihitaji semina. Mkuu ana miaka hamsini na nne na ndiye mkubwa wetu sote kwa umri. Alikisoma kifungu kile mara mbili, akatabasamu, akasaini na kupiga mhuri.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa hivi. Mkuu anafungua laptopu yake. Sisi wengine tumekaa, zetu zimefungwa, mikono juu ya mifuniko. Kiduara kinazunguka. Saa nne tunakunywa chai. Kiduara kinazunguka. Saa tisa na nusu tunafunga ofisi tukiwa tumeheshimiana vizuri sana.

Haki itendeke: Lulu aligundua tatizo siku ya kwanza. Alikuja mezani kwangu akasema laptopu ya Mkuu iko katika hali ya ndege, kwamba pembeni mwa kioo chake kuna alama ya kindege inawaka, na kwamba ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Ilikuwa inawezekana. Mkuu alikuwa ametoka semina Mwanza juzi yake. Ndani ya ndege mhudumu alimwomba aweke kifaa chake katika hali hiyo, na Mkuu ni mtu wa nidhamu, akaweka. Baadaye ndege ikatua, akashuka, akahudhuria, akarudi, na hakuna mtu aliyemwandikia rasmi kumjulisha kwamba agizo lile limetenguliwa.

Lakini kifaa cha mkubwa hakishikwi na mdogo, wala mdogo haendi kumwambia mkubwa kwamba bado yuko angani. Nikamshauri Lulu awasilishe hoja kwa utaratibu. Utaratibu wetu unasema malalamiko yote ya mtandao yatumwe kwa njia ya mtandao. Akasema mtandao haupo. Nikamwambia utaratibu hauangalii sababu. Akaandika kwenye karatasi, nikaipokea, nikaigonga mhuri na kuiweka kwenye jalada isubiri nakala yake ya mtandaoni.

Wakati huohuo Abrahamu, mlinzi wetu, alikuwa kibandani getini anaangalia mpira kwenye simu yake kwa mtandao wetu uleule, picha safi kabisa. Tulilijua hilo. Lakini simu ya Abrahamu haikuwa kwenye daftari, kwa hiyo kufanya kwake kazi hakukuweza kuchukuliwa kama ushahidi.

Kamati ilichunguza kila kitu kilichoweza kuchunguzwa bila kumkosea mtu adabu. Tulianza na ukungu. Abrahamu alitoa ushahidi kwamba ukungu huingia dirishani alfajiri na kuondoka saa nne, na baada ya hapo kiduara bado kinazunguka, hivyo ukungu ukaondolewa lawama kwa maandishi. Mkuu akasema huenda ni baridi, kwa kuwa yeye mwenyewe anaisikia. Ruta ikafumiwa sweta jekundu la sufu lenye matundu matatu ya kutolea antena. Ilipendeza.

Sasa niseme habari za Mama Yusta.

Mama Yusta ni mkulima wa Mgwashi, ana miaka sabini na minne. Masika ya mwaka huu mteremko wake uliporomoka na mipeasi yote, shamba la miaka thelathini, asubuhi moja tu. Hakukaa kulia. Alijenga matuta upya akachimba mashimo mia mbili na kumi, akaja kwetu kuomba miche. Miche ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya ofisi, kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, unaiona ukikaa benchi la koridoni. Ila kibali cha kuitoa hutoka Makao Makuu Dodoma kupitia mfumo, mfumo hufunguka kwa mtandao wa kituo peke yake, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Likifungwa, miche inapewa kundi lingine, na yeye asubiri mwaka mwingine na mashimo yake. Mawingu ya vuli yalikuwa tayari juu ya milima. Shimo tupu mvua ikilikuta hulifukia.

Alifika Jumatano kwa gari la alfajiri, amevaa kanga mbili na koti la marehemu mumewe. Mkuu alitoka akamkuta benchini. Pamoja na yote, Mkuu ni mtu aliyelelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kisha akamweleza kwamba mtandao una changamoto na akamwambia arudi kesho asubuhi. Mama Yusta akarudi Mgwashi.

Alhamisi alifika tena, akaamkiwa tena, na alikuwa na bahati ya kushuhudia Zoezi la Kuzima na Kuwasha. Lulu alikuwa amependekeza tuizime ruta na kuiwasha. Jambo kama hilo haliwezi kufanywa hivihivi, kwa hiyo tulimwalika mgeni rasmi, mstaafu mmoja mwenye sauti nzuri. Alihutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kuzima, akaivua ruta sweta, akaizima, tukapiga makofi. Abrahamu peke yake hakupiga, mpira wake ulikuwa umekatikia dakika ya themanini. Tulipomwomba mgeni rasmi awashe, alitoa barua yetu mfukoni akatuonyesha kwamba alialikwa kuzima tu. Ilikuwa kweli, niliiandika mimi. Ruta ikalala imezimwa mpaka Ijumaa saa tano, tulipompelekea barua ya pili.

Huo mchana wa Alhamisi Mama Yusta aliniita benchini akaniuliza, kwa upole, mtandao unasubiri nini hasa. Nikamweleza Waraka wote.

"Kwa hiyo ninyi wote mnamsubiri huyu mwanangu wa ndani," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na mimi nawasubiri ninyi."

"Ndiyo mama."

Akageuka kuangalia viriba. Majani ya miche yalikuwa yameanza kujikunja kwa kubanana. Nakiri nilimwonea huruma, tena sana, nikaenda kutafuta kama kuna fomu ya jambo hilo. Haipo.

Ijumaa aliamkiwa mara ya tatu, mbele ya watumishi wote, akakaa. Saa sita, kiduara. Saa nane, kiduara. Mkuu alikuwa na jasho pamoja na baridi ile, maana yeye naye alikuwa na lake: Jumatatu saa tatu kulikuwa na mkutano wa video na Makao Makuu, na alikuwa amenong'onezwa kwamba kituo chetu kimo kwenye orodha ya kupewa ngao ya huduma za kidijitali. Saa tisa na dakika tano Lulu akasimama mlangoni kwa Mkuu akiwa na nakala ya Waraka Namba Saba. Nilifurahi kuiona, sikujua kama kuna mtu anayo.

"Samahani Mkuu," akasema. "Leo asubuhi ni nani alimwamkia mwenzake, ni Mkuu au ni mama?"

"Mimi nilimwamkia. Mimi si mhuni, Lulu."

"Mzee Edward, naomba utusomee kifungu cha nne."

Nikakisoma. Sauti ilinitetemeka kidogo kwa fahari. Nilipomaliza, Mkuu alilipima jambo. Kukataa kungekuwa na njia mbili tu. Ama Waraka wake ni batili, ama yeye, mtu mzima wa Tanga, alimpita bibi wa miaka sabini na minne bila shikamoo, na mashahidi walikuwepo watano na mlinzi. Akaniambia niandike. Nikafungua daftari nikaandika: namba moja, Yusta, simu ya kupangusa, kioo kimepasuka. Namba mbili, Bwana Darweshi.

Simu ya Mama Yusta aliletewa na mjukuu wake, na kazi yake kubwa mpaka siku hiyo ilikuwa tochi. Lulu akapiga magoti mbele ya benchi akaingiza nenosiri. Mtandao ukashika papo hapo. Wakajaza ombi pamoja, Lulu akiuliza na mama akijibu kwa Kishambaa, haraka haraka, na saa tisa na dakika kumi na nane likaondoka. Dakika nne baadaye kibali kikarudi. Mama Yusta alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasimama, akaenda nyuma ya ofisi kuihesabu miche yake.

Ikawa zamu ya namba mbili. Kiduara kikazunguka. Lulu akaomba ruhusa ya kugusa kitufe kimoja. Mkuu akasita. Mama Yusta, aliyekuwa anapita dirishani na kiriba mkononi, akasema, "Mwache binti ashike, mwanangu. Haitamuuma."

Lulu akabonyeza. Kindege kikazimika, mtandao ukaingia. Ofisi nzima tuliangalia chini. Katika muhtasari wa kikao niliandika kwamba ndege ya Mkuu ilitua salama saa tisa na dakika ishirini na sita.

Kitu cha kwanza alichokifanya Mkuu akiwa mtandaoni ni kuutuma Waraka Makao Makuu, pamoja na daftari, kama ubunifu wa kituo. Makao Makuu waliupenda mno. Kabla jua halijazama walikuwa wamejibu kwamba kuanzia Jumatatu Waraka utatumika katika Bodi nzima tuliyo chini yake, vituo vyote kumi na vinne, kwa daftari moja la kitaifa, na kwamba ngao ni yetu. Jumamosi Mama Yusta alipakia miche kwenye pikapu ya kabichi akaenda zake. Mkuu alimpungia mkono.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mkuu alifika amevaa suti ya bluu juu ya sweta moja tu, kwa ajili ya video. Saa mbili na robo simu ikapigwa. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe kutoka Dodoma, na alisema kwa sauti iliyonifikia hadi mezani kwangu.

"Darweshi, huyu Yusta ni nani?"

"Ni mkulima, mzee. Mama wa Mgwashi."

"Yuko juu yangu."

"Ana miaka sabini na minne, mzee."

"Sasa yuko wapi? Bodi nzima tumefunika kompyuta, tunamsubiri."

Mkuu akaniangalia. Nikamnong'oneza kwamba njia ya kawaida ni kuufuta Waraka, na waraka hufutwa kwa waraka mwingine, na waraka mwingine husambazwa kwa mtandao. Alifikisha hilo Dodoma. Dodoma wakaagiza Mama Yusta aletwe na simu yake mara moja.

Tukaondoka na gari la ofisi, Mkuu mbele na mimi nyuma na daftari. Tulimkuta juu kabisa kwenye matuta yake, magoti kwenye udongo, akipanda. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Mkuu alipanda ule mteremko na viatu vya ngozi, akateleza mara mbili, akamfikia akihema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Akamweleza. Alieleza vizuri: Bodi, Dodoma, ngao. Mama Yusta alimsikiliza bila kuacha kazi. Akasema simu iko dukani inachajiwa, kule barabarani, na yeye hawezi kushuka. Amepanda sitini tu, na mvua ile hapo, haya mwenyewe aione. Mkuu akaiona. Akauliza kama kuna namna ya kuharakisha. Mama Yusta akamwonyesha jembe.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maelezo ya lile la stendi. Mkuu alivua koti. Mimi nilijaribu kuendelea kushika daftari, nikapewa kiriba, nikafundishwa namna ya kukichana bila kuvunja mizizi. Simu ya Mkuu ilikuwa inaita mfukoni kila baada ya dakika chache, ikikatika mpaka saa tatu ikapita na ngao ikapita nayo. Mchana mvua ilianza kudondoka. Mkuu, tope mpaka magotini, akauliza kama sasa inawezekana.

Mama Yusta alihesabu kwa macho mashimo yaliyobaki. Aliyasema yale maneno bila hasira, kwa sauti ileile aliyokuwa akiambiwa yeye benchini.

"Rudi kesho asubuhi, mwanangu."

Tulirudi kesho yake. Tulikuta gari la Makao Makuu limetutangulia. Mkurugenzi Mkuu, ambaye aliondoka Dodoma jana yake mchana kwa kuwa hakuna kitu kingine alichoweza kufanya ofisini, alikuwa tuta la tatu, amekunja suruali, anasogeza udongo kwa mikono. Mkuu wetu alimwamkia, kisha akaenda kusimama nyuma yake kwa utaratibu wa daftari.

Saa sita mche wa mia mbili na kumi uliingia shimoni. Mama Yusta alitushukuru mmoja mmoja, akateremka dukani, akarudi na simu yake imejaa chaji. Sote tukasimama wima. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amekwisha kumpigia msaidizi wake Dodoma ajiandae kufunua kompyuta.

Mama Yusta akaishika simu, halafu akatuuliza kama ni kweli, kwa sheria yetu hii, kwamba anayeamkiwa ndiye anayetangulia.

Mkurugenzi Mkuu akasema ni kweli kabisa. Mkuu akasema ni kweli. Mimi nikamsomea kifungu.

"Basi mimi siwezi kuanza," akasema. "Dada yangu Scholastica yuko hapo ng'ambo ya mto, ana themanini na moja. Kila siku namwamkia. Nikimtangulia atasema sikulelewa."

Akatazama ng'ambo ya mto, nasi tukatazama. Kulikuwa na mteremko mrefu, mwekundu, uliochimbwa mashimo kutoka juu hadi chini.

"Yake ni mia tatu," akasema Mama Yusta.

Mkurugenzi Mkuu aliokota jembe lake. Nami nikalifungua daftari, nikasogeza kila mtu chini kwa mstari mmoja.